Kazi ya Kwanza ya Mgahawani Kwa Asiye na Uzoefu

Karibu mtazamaji. Video hii ni ya wewe uliye hapa Dar, hujawahi kufanya kazi mgahawani, lakini unaitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Inapatikana, ila ujue kabisa kwamba migahawa mingi ya mtaani huajiri mtu aliyefika mlangoni.

Hatua ya kwanza ni kupima afya. Anayeshika chakula cha watu anatakiwa apimwe, na kipimo hurudiwa kila baada ya miezi 6. Ulizia kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe. Ukienda kuomba kazi na cheti mkononi, umeshawatangulia wengi. Beba pia namba ya NIDA na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa.

Pili, chagua saa. Usiende saa saba mchana, wateja wamejaa na meneja hana hata muda wa kukutazama. Nenda saa tisa au saa kumi, vyombo vimeshaanza kuoshwa. Vaa nguo safi na viatu vya kufunika vidole, kata kucha.

Salimia, kisha sema moja kwa moja: "Naomba kazi. Sina uzoefu, ila naosha vyombo, namenya, nafagia, na naweza kuanza kesho." Usidanganye kwamba umeshafanya kazi sehemu fulani. Wapishi watakugundua kwa unavyoshika kisu, na hapo hata ukweli wako mwingine hautaaminika.

Wakikupa siku ya majaribio, hapa ndipo kazi inapopatikana, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukipewa vitunguu, uliza ni vya nini kabla hujakata. Vya pilau vina mkato wake. Vya kachumbari hukatwa vyembamba, vikaoshwa kwa chumvi na kukamuliwa ukali. Swali hilo moja linamwonyesha mpishi kwamba una akili ya jikoni.

Ukitumwa mezani na birika na beseni, anza kumnawisha mtu mzima. Mwaga maji taratibu, beseni likae chini ya mikono yake, yasimrukie nguoni. Kisha chukua oda na uirudie kwa sauti: "Wali samaki mmoja, ugali nyama mmoja, maji makubwa mawili." Mteja akiitikia, ndipo uende jikoni. Oda iliyokosewa ni chakula kilichopotea, na sehemu nyingine hukatwa kwenye posho ya mhudumu.

Pasipo na kazi, jitafutie: futa meza, jaza chumvi, toa takataka. Simu ikae mfukoni mpaka zamu iishe.

Kuhusu malipo, uliza mapema bila aibu. Je, siku ya majaribio inalipwa? Malipo ni ya siku au ya mwezi? Chakula kimo? Zamu ya usiku ikiisha, utarudi nyumbani na usafiri gani? Dada zangu, hili la usafiri msilikubali kwa "tutaona". Na yeyote anayekudai hela ili akupe kazi, mwache hapohapo.

Ukiambiwa "tutakupigia", acha namba yako imeandikwa kwenye karatasi, siyo kutajwa tu. Siku mbili zikipita kimya, rudi tena alasiri, salimia, uliza kama kuna nafasi imetokea. Wahudumu huacha kazi mara kwa mara, na nafasi hujazwa na mtu wanayemkumbuka sura.