Damu ya Ini Iende Wapi?

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine habari za asubuhi. Wauguzi nawaona mmejaa safu za mbele, ahsanteni. Habari za tundu kwenye moyo na kwa nini mtoto anakuwa wa bluu mnazijua, nazipita. Nimekuja na swali moja, nililoliuliza mpaka wenzangu wananikwepa: mtoto akishafanyiwa upasuaji, nani anaendelea kupima damu yake inapita wapi?

Chukueni mtoto aliyezaliwa na chumba kimoja tu cha moyo chenye nguvu ya kusukuma. Njia ya kumsaidia ilianzia kwa mpasuaji Mfaransa, Francis Fontan, mwaka 1968. Siku hizi mshipa mkubwa wa juu na ule wa chini, inayorudisha damu kutoka mwilini, huungwa moja kwa moja kwenye ateri za mapafu. Kile chumba kimoja kinauhudumia mwili. Kwenda mapafuni, damu haina pampu. Inajiendea kama maji ya tangi.

Sasa hapo kwenye maungio ndipo ninapowaomba masikio. Nyumbani kwa marehemu baba, Chumbageni, tulikuwa na matangi mawili: moja la maji ya bomba kutoka bwawa la Mabayani, moja la maji ya kisima yenye chumvi. Fundi aliyakutanisha mabomba yake uso kwa uso, kisha akatoa njia mbili, ya bafuni na ya jikoni. Tukatarajia mchanganyiko. Wapi! Bafuni tunaoga maji matamu, jikoni chai ina chumvi, na kote maji yanatoka kwa unyonge, maana yakigongana yanamalizia nguvu palepale. Akaja fundi wa pili, akalisogeza bomba moja pembeni kiasi cha shubiri. Nguvu ikarudi. Chumvi je? Yote ikahamia bafuni.

Kwenye mishipa ni hivyohivyo. Damu ya mshipa wa chini imepitia kwenye ini, na ina kitu ambacho mapafu yanakihitaji. Pafu likikikosa, huota vijishipa vya njia ya mkato, damu ikapita bila kuchukua oksijeni. Mtoto ambaye mtaa mzima unajua amepona anaanza tena kuwa wa bluu. Mshono mzima, hauna kasoro! Kilichoharibika ni mgawanyo.

Mtaniambia eko, ile ultrasaundi ya moyo, itaonyesha. Eko itakuonyesha damu inapita. Haikwambii hii ni ya ini na ile siyo. Ndiyo maana tunachukua picha za MRI au CT za mtoto mwenyewe, tunachora umbo la mishipa yake, tunaligawa vipande vidogo mno, na katika kila kipande kompyuta inatatua milinganyo ya Navier na Stokes, ya mwendo wa vimiminika, ileile inayoyahusu maji ya mto Zigi. Kisha tunamwaga chembe upande wa ini na kuhesabu ngapi zimefika kila pafu. Mpasuaji anaweza kulisogeza bomba mara kumi kwenye kioo cha kompyuta kabla hajashika kisu. Hata bomba la panda, lenye umbo la Y, limepimwa hivyo, na jibu likawa: linamfaa mtoto huyu, halimfai yule.

“Mwalimu, mashine zenyewe za kugombania, unatuletea kompyuta?” Nimeshalisikia hilo, na ninalikataa. Watoto wetu wanapasuliwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wengine India, na wanarudi hapa Tanga na kovu na faili. Programu ya kufanyia hesabu hizi, kama SimVascular, ni ya bure. Picha inasafiri kwa intaneti. Lakini mtoto ambaye hajaonekana kliniki miaka minne kwa kuwa “amepona”, huyo nitampimaje? Modeli ukiipa shinikizo la kubahatisha, itakupa jibu la kubahatisha. Hili linaniuma.

Aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, iliyobana na kutengenezwa: kipenyo kikipungua nusu, ukinzani unapanda mara 16, na presha inaweza kubaki juu hata baada ya kurekebishwa. Hiyo ilitaka siku yake. Fallot, ile kasoro ya moyo yenye sehemu nne, naiacha, mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Mwenye faili la mtoto anikute pale mlangoni, tuangalie tarehe ya picha ya mwisho.