Kutoka mbono kaburi hadi tangi la ndege

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka. Baraka, leo naanza na mti: mbono kaburi.

BARAKA: Huo naujua! Nyumbani ulikuwa uzio, mbuzi hawaugusi. Wazee waliupanda makaburini, ndiyo maana ya jina.

ZUHURA: Basi mafuta yake yaliruka angani tarehe 30 Desemba 2008. Air New Zealand walichukua Boeing 747, injini moja kati ya nne wakaipa mchanganyiko wa nusu kwa nusu: mafuta ya kawaida ya ndege na ya mbono. Mbegu nyingine zilitoka Malawi, Msumbiji na hapahapa Tanzania. Ikaruka kwa muda wa saa mbili hivi, ikatua salama.

BARAKA: Kumbe tulishafika mbali. Na Novemba 2023 Virgin Atlantic walivuka kutoka London hadi New York kwa mafuta yasiyochimbwa ardhini kabisa, mengi yakiwa yametokana na mabaki ya mafuta ya kupikia na ya wanyama. Sasa dada, ikiwa inawezekana, kwa nini mwaka 2024 mafuta haya yalikuwa kama asilimia 0.3 tu ya mafuta yote ya ndege duniani?

ZUHURA: Bei. Yanauzwa mara mbili hadi mara tano ya yale ya kawaida, kutegemea yametengenezwaje. Angalia mbono. Lita moja ya mafuta inataka kilo nne au tano za mbegu. Matunda yake hayaivi pamoja, kwa hiyo mchumaji anarudi kwenye mti uleule tena na tena, kwa mkono. Na mashudu yana sumu, huwezi kumpa ng'ombe. Mwenye alizeti anauza mafuta, anauza na mashudu. Wa mbono anabaki na mbolea.

BARAKA: Hapo hata kiwandani hujafika.

ZUHURA: Bado! Mafuta ya mbegu yakipelekwa juu kama yalivyo yataganda. Ya ndege yanatakiwa yasigande mpaka nyuzi 47 chini ya sifuri. Kwa hiyo yanapikwa na gesi ya hidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa ili oksijeni itoke. Na hidrojeni hiyo kwa sehemu kubwa bado inatengenezwa kwa gesi asilia. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya gharama inabaki kwenye mafuta ghafi ya mmea.

BARAKA: Mimi nilidhani dawa ni kutumia taka. Maranda ya mbao, mabua ya mahindi, makapi ya miwa.

ZUHURA: Malighafi hizo ni rahisi, ila kiwanda ndicho ghali. Unazigeuza kwanza kuwa gesi, unaisafisha gesi, halafu unaiunganisha upya iwe mafuta. Marekani baadhi ya kampuni zilizojaribu njia hiyo zimefilisika. Na mabua ni mepesi lakini yanajaza lori. Ukiyatoa mbali, nauli inakula faida. Makapi ya miwa nayo hayakai bure, viwanda vya sukari vinayachoma kupata mvuke na umeme wao. Ukiyachukua, watachoma nini?

BARAKA: Tuje kwenye mazingira, maana hapa watu wanachanganya. Wanasema mafuta haya hayatoi hewa ya ukaa.

ZUHURA: Yanatoa. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa kilo 3 na kidogo za hewa ya ukaa, na ya mmea karibu ni yaleyale. Nafuu iko shambani: mmea uliivuta hewa hiyo ulipokuwa ukikua. Ndiyo wanakopata ile hesabu ya kupunguza hadi asilimia 80. Lakini ukifyeka miombo ili upande mbono, umeachia ukaa uliotunzwa kwenye miti na udongo kwa miaka mingi. Deni hilo halilipwi kwa mavuno mawili matatu.

BARAKA: Na watu wa mahali hapo je? Kisarawe mimi bado inaniuma. Mwekezaji wa mbono alipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11, kwa miaka 99. Mwaka 2011 mradi ukaanguka, mamia ya wafanyakazi wakaachishwa. Kuna wanakijiji waliolalamika kuwa hata visima na makaburi ya wazee wao yamebaki ndani ya eneo la mwekezaji.

ZUHURA: Hiyo ni gharama, Baraka, na haimo kwenye bei ya lita. Nataka iandikwe.

BARAKA: Jirani zetu Kenya wamechukua njia nyingine. Makueni, tangu 2022, kuna kiwanda cha Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, kinachokamua mbegu za mbarika, sisi tunaita nyonyo, kutoka kwa wakulima wanaobaki na mashamba yao. Mafuta ghafi yanapakiwa melini hadi kiwanda cha kusafishia cha Gela, kisiwani Sicily, Italia. Mei 2023 Kenya Airways wakaruka Nairobi hadi Amsterdam wakiwa wamechanganya mafuta ya namna hii tangini.

ZUHURA: Kutomhamisha mtu ni hatua kubwa, nawapongeza. Lakini usafishaji, penye thamani kubwa, unafanyika Italia. Mkulima anauza mbegu tu. Mahindi yakipanda bei, au mvua ikikata, nyonyo ataiacha, na ana haki.

BARAKA: Tukipata nafasi ya kufika Makueni, swali langu la kwanza ni bei ya kilo.

ZUHURA: Na langu, shamba hilo lilikuwa na nini kabla ya nyonyo.