Madogo wa sekondari wamewasha gari la vyuma chakavu, na mi ndo nafagia karakana yao

Haya mambo vipi familia, samahanini kwa hilo giza, niko ndani ya gari nje ya shule, huku Ohio ni saa tano na nusu usiku na kwenu huko ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtu anagombania daladala, nimetoka shifti sasa hivi, nguo zinanuka petroli na leo nina stori ambayo nisipoitoa silali.

Kwanza kuna mdau mmoja kila video anakuja na komenti ileile, bro unafanya kazi gani mbona husemi, unatuonyesha theluji tu na bei za kuku. Haya nasema. Mi nafanya usafi kwenye shule ya sekondari. Naingia saa tisa mchana watoto wakitoka, nafagia, napiga deki, namwaga mapipa ya taka, natoka usiku huu. Inalipa kodi ya nyumba, ina bima, wala sioni aibu. Shangazi kama unaangalia, nilikwambia niko ofisini, na kweli nipo ofisini, naisafisha.

Sasa nyuma kabisa ya hiyo shule, ukipita ukumbi wa basketi, kuna karakana. Karakana ya ukweli jamani, mashine mbili za kunyanyulia gari zima, mashine za kuchomelea nne, ya kukunja bati, kompresa, grenda ndo usiseme. Na ni somo kama jiografia tu, mtoto analichagua, anasoma, anapewa maksi. Serikali ya huku ilianza kumwaga hela kwenye masomo ya ufundi mashuleni tangu 1917, kwa sheria moja inaitwa Smith-Hughes, afu baadae shule nyingi zikafunga karakana kwa sababu kila mzazi anataka mwanae aende chuo kikuu (hamjasikia hiyo mahali?), ya kwetu hii sijui ilipona vipi. Kwangu mimi ndo chumba kibaya kuliko vyote kufagia, chenga za chuma zinaingia mpaka kwenye soli, fagio la kawaida halifui dafu, nina fagio la sumaku, nikilipitisha pale jioni moja natoa chuma cha kujaza kopo la rangi.

Siku ya kwanza mwezi wa tisa nikataka kufuta ubao wao, nakuta namba: 18436572. Chini yake wameandika USIFUTE. Nikasema hii namba ya simu ya nani hii. Kumbe ngojeni, tutafika.

Mwaka huu darasa lile lilikuwa linajenga hot rod. Kwa wasiojua, hot rod ni ugonjwa wa zamani wa Wamarekani. Vijana wa California miaka ya 1930 walikuwa wananunua Ford kuukuu, zile Model T ambazo Ford alitoa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927 kwa hiyo zilikuwa zimezagaa kama bodaboda kwenu, wanang'oa madigadi, wanang'oa boneti, wanang'oa kila chenye uzito, wanaenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka huko jangwani, Muroc na El Mirage. Mwaka 1932 Ford akatoa V8, yaani injini ya silinda nane, ya bei ya mtu wa kawaida, nguvu za farasi 65 tu, leo unaicheka, lakini wakati ule vijana walipagawa. Wakarudi kutoka vita ya pili ya dunia wakiwa wamejifunza ufundi jeshini, ugonjwa ukaenea nchi nzima, mpaka 1948 likaanzishwa jarida lao kabisa, linaitwa Hot Rod.

Na msidhani hawa wa kwangu ni wa kwanza mashuleni, kuna shule ya West Philadelphia, watoto wa uswazi kabisa wale, walijenga gari la umeme na dizeli wakashinda mashindano ya Tour de Sol 2005 na 2006, afu 2010 wakafika nusu fainali ya shindano la dola milioni 10 wakipambana na makampuni na vyuo vikuu. Hawa wa kwangu hawajafika huko. Hawa wana kutu tu.

Na kutu yenyewe ilikuwa ya kutosha. Kichwa cha pikapu ya Chevrolet ya miaka ya 1940 walikitoa shambani kwa mzee mmoja, kulikuwa na mti umeota unatokea dirishani, siwatanii, waliukata na msumeno ndo kikatoka. Chesisi ya Chevrolet S-10 ya yadi ya magari mabovu. Injini V8 ya inchi za ujazo 350, yaani CC kama 5,700, imetoka kwenye pikapu nyingine iliyooza bodi kwa chumvi, maana huku winta wanamwaga chumvi barabarani barafu iyeyuke na hiyo chumvi inakula magari kama mchwa. Taa za mbele ni za trekta. Huku nyuma badala ya bodi wameweka mbao za majukwaa ya zamani ya ukumbi wa basketi, bado zina bazoka chini, mi nazijua zile bazoka. Wakataka na tenki la mafuta liwe pipa la bia, eti ndo fasheni ya magari haya, mkuu wa shule akasema kwenye shule yake hapana.

Mwalimu wao, mzee mmoja hana maneno mengi, aliwapa sheria moja. Kila kitu kinaweza kuwa chakavu isipokuwa kinachokusimamisha na kinachokukatisha kona. Breki, matairi, jointi za stelingi, vyote vipya dukani. Hela hamna? Basi subirini. Wakawa wanakusanya makopo ya soda na vyuma vilivyobaki wanapeleka kuuza kwa kilo, na mi kila jioni nikawa nawawekea makopo pembeni, kwa hiyo breki za lile gari na mimi nina hisa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mi mjomba wangu alikuwa fundi magari Tandika, likizo zote nilikuwa spanaboi wake, na pale ukikosea hupewi maelezo, unapewa spana ya mgongo. Kwa hiyo nimekua najua kosa linazuiwa kabla halijatokea. Mwezi wa kumi na moja hawa madogo wakachomelea maunti za injini, vile vishikio vyake, kwenye chesisi. Wamepima, wamechora chaki, wanapigana makofi. Jioni nafagia, nikaangalia lile ekzosi manifodi la kushoto, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, nikaangalia shafti ya stelingi itakakopita, nikasema hii haipiti. Hata ukiomba haipiti, inagonga manifodi katikati kabisa. Na mwalimu yupo palepale na futi yake, kapima, kaikunja futi, kaweka mfukoni. Nikamfuata nikamwambia mzee, stelingi. Akaniambia najua. Nikamwambia sasa mbona hujawaambia? Akasema wataikuta wenyewe, siku ya stelingi.

Wiki mbili! Wiki mbili nafagia kuzunguka lile kosa na nimenyamaza, mi ambaye hata mtu akichemsha chai vibaya lazima niseme. Ilipofika siku ya stelingi ukasikia kimya, afu dogo mmoja akatukana, afu wakaanza kulaumiana, afu wakashika grenda wakakata maunti zote, wakasogeza injini pembeni inchi moja na nusu, wakachomelea upya, wakajaribu. Bado inagusa. Kuna binti mmoja hapo, mpole, akaenda yadi Jumamosi na baba yake akarudi na manifodi za zamani za chuma cha kumimina, wanaziita pembe za kondoo kwa jinsi zilivyojikunja, zenyewe zinabana kwenye bloku na zinatokea chini katikati. Shafti ikapita, nafasi ya kidole. Yule binti alipewa maksi, na wale waliokosea nao wakapewa, maana kila mmoja aliambiwa aandike kosa lilianzia wapi na achore. Nilizisoma zile karatasi ukutani. Zilikuwa nzuri kuliko ripoti nyingi za wakubwa.

Mi shule niliyosoma huko nyumbani, jina silitaji, ilikuwa na karakana pia. Leithi moja ya maana kabisa, mashine ya kuchongea vyuma, imepakwa grisi, imefunikwa turubai, mlango una kufuli. Inafunguliwa akija mgeni. Miaka minne nimeiona mara mbili, na mara zote mbili tuliambiwa msiguse mtaharibu. Afu ukitoka getini unakuta Gerezani, ule mtaa wa mafundi chuma wa Dar, mtu hajafika darasa la saba anakunja geti la maua kwa miwani ya jua.

Na tusidanganyane, hawa watoto wa huku ni wazito. Kazi waliyofanya mwaka mzima, vijana wa Gerezani wangeimaliza mwezi mmoja na chenji inabaki. Wanaokumbuka chai maharage za Dar semeni kwenye komenti, zile pikapu zilizowekewa mabenchi ya kutazamana, zile zilikuwa nini kama siyo hot rod, tofauti yake ni kwamba zile zilibeba abiria kwenda Kariakoo na hakuna aliyezipiga picha. Huku dogo anachomelea sakafu ya gari kwa bati la makabati ya wanafunzi, lile bati jembamba, anatoboa, anaziba, anatoboa pembeni ya alipoziba, sakafu ikawa kama chandarua. Kuna kijana Mkongo kwenye lile darasa, kwao ni Fizi ila kazaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma pale, siku ya kwanza aliponisikia naongea na simu alikuja mbio, sasa ananiita papa, yaani baba. Huyo ndo aliwaonyesha kuchomelea kwa nukta, unagusa unaachia, unahama, unaacha chuma kipoe. Nikamuuliza umejifunza wapi, akasema kwa fundi baiskeli wa kambini, alikuwa anamshikia tu vyuma.

Halafu makaratasi. Ukijenga gari lako hapa Ohio lazima polisi wa barabara wa jimbo walikague kabla halijapata usajili, na wanataka risiti, injini umetoa wapi, chesisi wapi, bodi wapi. Sasa yule mzee wa shamba aliwapa kichwa cha pikapu bure, risiti itoke wapi? Ikabidi warudi mpaka shambani kumwandikisha karatasi, na mzee mwenyewe akaanza kuuliza, kwani mnaenda kuliuza? Ilichukua chai na keki.

Basi leo. Leo ndo siku ya kuwasha. Nimeingia shifti nakuta darasa zima lipo, na wazazi wawili watatu. Betri imefungwa, petroli kwenye kidumu, mwalimu kasimama na mtungi wa kuzimia moto mkononi. Dogo akapiga stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, afu PAA, moto umeruka juu ya kabureta futi nzima. Watu nyuma! Wakapiga tena, paa tena. Wakaanza, petroli mbovu, hapana kabureta, hapana waya za plagi, wakaenda ubaoni kwenye ile namba ya simu yangu, 18436572, ndo mpangilio wa silinda za hiyo Chevrolet zinavyochoma moja baada ya nyingine, wakahakiki waya mmoja mmoja. Ziko sawa.

Na mi nilishajua. Moto kurudi juu kwenye kabureta namna ile, mjomba alinionyesha nina miaka kumi na mbili kwenye Land Rover ya mission. Distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, imekaa kinyume, nusu mzunguko. Maana pistoni namba moja inafika juu mara mbili, mara moja imekandamiza, mara nyingine inatoa moshi, wao wameweka distributa kwenye ile ya moshi, cheche inakuja valvu ya kuingiza mafuta ndo inafunguka, moto unatafuta mlango. Nikafungua mdomo. Mwalimu akaniangalia, akaweka kidole mdomoni. Anajua kwamba najua! Nikashika fagio langu kwa mikono miwili kama mlinzi wa Ikulu.

Dakika arobaini jamani. Niliwahi vyoo vya ghorofa ya juu nikarudi, bado wanabishana. Mwisho yule binti wa pembe za kondoo akafungua plagi ya namba moja, akaziba tundu na dole gumba, akamwambia Mkongo zungusha injini taratibu na spana. Zungusha, zungusha, upepo ukasukuma kidole, akapiga kelele hapo, hapo simama! Wakaangalia rota ya distributa inatazama wapi. Inatazama nyuma kabisa. Zikapita kama sekunde tatu hakuna anayeongea, afu wote wakaanza kucheka.

Wakaichomoa, wakaigeuza, wakarudisha. Stata. Ikawaka pale pale, haina sailensa, V8 ekzosi wazi ndani ya chumba, vumbi lote la darini likatudondokea, mi nikafikiria nani atafagia hili, afu nikajikuta napiga kelele kuliko wazazi. Mkongo akanirukia, papa inawaka, inawaka! Mwalimu akaiacha ingurume kama dakika moja, akazima, akasema kesho saa mbili, tunaanza breki.

Maana breki bado. Boksi zimefika juzi, hazijafunguliwa. Gari linawaka ila halisimami, kwa hiyo wamelifunga mnyororo kwenye nguzo na magogo mbele ya matairi, na mi nimefagia kuzunguka mnyororo, ubao sijaugusa. Haya, simu ina asilimia nne, hita ya hili gari langu nayo imekufa, wacha niende nyumbani.