Kuchora Jua kwenye Uwanja wa Shule kwa Kamba na Majivu

Karibuni, wanafunzi, na karibuni walimu wenzangu mnaotazama pamoja nao. Tuko Mafinga, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, asubuhi ambayo ukungu umechelewa kuondoka, na leo tutalichora Jua juu ya ardhi kwa vipimo vyake, tukiifanya kila sentimeta moja isimame badala ya kilomita 10,000. Nimechagua kuchora kwa vipimo kwa sababu michoro mingi ya daftarini humpa mtoto mpira wa manjano wenye miali pembeni, na kando yake Dunia yenye ukubwa wa chungwa, na picha hiyo ikishakaa akilini ni kazi kubwa kuiondoa.

Kabla hatujagusa kamba, shikeni onyo hili. Katika zoezi hili lote hakuna mahali ambapo tutainua macho kulitazama Jua. Usilitazame kwa macho matupu, kwa miwani ya kawaida, kwa filamu ya eksirei, kwa darubini, wala kwa kuliangalia ndani ya beseni la maji. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga haisikii maumivu, kwa hiyo mtu huweza kuungua na kupoteza uwezo wa kuona bila kujua kwamba anaumia.

Vifaa vyetu ni kigingi, kamba ya katani yenye urefu unaozidi mita moja, rula ya sentimeta 30, majivu makavu, unga wa mbao, udongo mwekundu, mkaa uliosagwa, konzi moja ya ulezi, kipande cha udongo wa mfinyanzi na saa inayoonyesha sekunde. Unga wa mbao hapa kwetu hupatikana kwa urahisi kwa sababu ya mipaini ya Sao Hill inayopasuliwa viwandani. Aliye mbali na misitu atumie pumba za mahindi.

Hatua ya kwanza, pigilia kigingi katikati ya sehemu iliyofagiwa, funga kamba, kisha pima sentimeta 70 kutoka kwenye kigingi na ufunge hapo kijiti chenye ncha. Zunguka na kijiti hicho, kamba ikiwa imekazwa, mpaka duara likamilike. Hilo ndilo umbo la Jua, ambalo nusu kipenyo chake ni kilomita 696,000 hivi. Sasa finyanga kidonge cha udongo chenye upana wa sentimeta 1.3, kikubwa kidogo kuliko punje ya njegere, ukiweke kando. Hiyo ndiyo Dunia yetu, pamoja na bahari zote, Mlima Rungwe na kila mtu unayemfahamu. Vidonge 109 vya namna hiyo vikipangwa mstari mmoja ndipo vitavuka duara lako kutoka ukingo hadi ukingo.

Hatua ya pili, fupisha kamba iwe na urefu wa sentimeta 17.5, chora duara dogo, na ulijaze majivu. Hapa ni kwenye kiini, na hapa nawaomba tukae kidogo, kwa maana kila kitu kingine kwenye mchoro huu kinategemea mahali hapa. Watoto wengi huamini kwamba Jua linawaka kama kuni jikoni. Kuni huhitaji oksijeni ya hewani ili ziwake, na hatimaye huisha zikabaki majivu kama haya tuliyomwaga. Jua haliwaki kwa namna hiyo. Sehemu kubwa ya Jua ni gesi ya haidrojeni, na ndani ya kiini, ambako joto hufikia nyuzi milioni 15 za selisiasi na mgandamizo ni mkubwa kupita kiasi, viini vya atomi za haidrojeni hubanwa hadi vinaungana kuwa heliamu. Heliamu inayopatikana ina uzito pungufu kidogo kuliko haidrojeni iliyoingia, na upungufu huo ndio unaogeuka kuwa nishati. Kila sekunde, takriban tani milioni 600 za haidrojeni hugeuzwa kuwa heliamu, na tani milioni 4 hivi kati ya hizo hutoka zikiwa nishati tupu. Hata hivyo, akiba iliyopo inatosha kwa mabilioni ya miaka ijayo.

Hatua ya tatu, rudisha kamba hadi sentimeta 49, chora tena, na ujaze unga wa mbao kati ya duara hili na majivu. Katika tabaka hili nishati husafiri kwa mnunurisho, yaani kwa njia ya mwanga, lakini msidhani kwamba mwanga unapita moja kwa moja. Gesi ya humu imesongamana mno, hivyo mwanga hupiga hatua fupi, ukanaswa, ukatolewa tena kuelekea upande wowote, hata kurudi ulikotoka. Safari hiyo huchukua maelfu mengi ya miaka. Likumbukeni jambo hili, kwa sababu tutalirudia mwishoni.

Hatua ya nne, jaza udongo mwekundu kwenye sentimeta 21 zilizobaki. Humu nishati hubebwa na gesi yenyewe kwa msafara, kama mnavyoona uji wa ulezi ukichemka sufuriani: ulio moto hupanda juu, hupoa, kisha hushuka pembeni ili uchemke tena. Rangi tulizotumia ni za kutofautisha tabaka tu. Jua lenyewe ni jeupe, na wekundu wake wa jioni hutokana na hewa ya Dunia.

Hatua ya tano ni ya uso wa Jua, unaoitwa fotosfia, ambao ndiko mwanga tunaouona hutoka. Unene wake ni kilomita 500 hivi, kwa hiyo kwenye mchoro huu ni nusu milimeta: mkwaruzo wa kijiti ukingoni unatosha. Joto lake ni nyuzi 5,500 hivi. Nyunyiza ulezi juu ya udongo ulio karibu na ukingo. Kila punje iwe kilele cha gesi inayopanda, ambacho kwa kweli kina upana wa kilomita 1,000 hivi, karibu mara mbili ya barabara kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam, na hudumu kwa dakika chache tu kabla ya kingine kushika nafasi yake.

Sasa dondosha mkaa katika sehemu mbili au tatu, kila doa liwe na upana wa sentimeta moja hadi tatu. Haya ni madoa ya Jua. Huonekana meusi kwa sababu yamezungukwa na sehemu zenye joto zaidi, ilhali yenyewe yana nyuzi zaidi ya 3,500, na kama doa moja lingeweza kusimama peke yake angani, lingeng'aa. Nguvu ya sumaku huzuia gesi ya moto isipande mahali hapo. Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi.

Nje ya ukingo, chora ukanda wa milimeta mbili kuwa kromosfia, yaani tabaka jembamba la gesi lililo juu ya uso, kisha ndimi za gesi zenye urefu wa sentimeta tano au kumi zinazopinda na kurudi. Zaidi ya hapo ni korona, gesi nyepesi ya nje kabisa ya Jua, yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja ingawa iko mbali na kiini kuliko uso wenyewe. Wakazi wa Rujewa, wilayani Mbarali, waliopata kuona Jua likipatwa tarehe 1 Septemba 2016, waliona pete ya mwanga wala si korona, kwa kuwa Mwezi haukulifunika Jua lote. Korona huonekana kwa macho pale tu Jua linapofunikwa kabisa. Hatua sita na ushee kutoka ukingoni, yaani mita 6.1, weka jiwe. Hapo ndipo chombo cha anga za juu kiitwacho Parker Solar Probe kilipopita tarehe 24 Desemba 2024.

Hatua ya mwisho, chukua kidonge cha Dunia na upime mita 150 kutoka kwenye kigingi. Kwetu hapa tumevuka uwanja wa mpira na kufika kwenye mstari wa miti. Mtu mmoja asimame huko na kidonge mkononi. Mwingine asimame ukingoni mwa duara, na mwenye saa akisema "anza", asogee urefu wa rula moja kwa kila sekunde, bila kukimbia, kwa sababu kwa vipimo vyetu hiyo ndiyo kasi ya mwanga. Mwanga uliohitaji maelfu ya miaka kuvuka unga wa mbao unamalizia mita hizi zote ndani ya dakika 8 na sekunde 20. Msimhimize aharakishe, hesabuni kwa sauti mpaka afike na kukipokea kidonge.