The Magic Circle ya London: chama cha wafanya mazingaombwe na siri zake

Mabibi na mabwana, karibuni.

Kwanza tuweke neno sawa. Tunaposema mazingaombwe hatusemi uchawi wala uganga. Anayetoa njiwa kwenye kofia anajua fika njiwa huyo alikuwa wapi, na wewe uliyelipa kiingilio unajua kwamba unachezewa. Umelipa uchezewe vizuri. Chama nitakachokizungumzia jioni hii kilianzishwa kulinda makubaliano hayo.

Julai 1905 wanaume 23 walikutana Pinoli's, mkahawa uliokuwa Wardour Street, London. Baadhi yao waliishi kwa kazi hii, wengine waliifanya kwa mapenzi tu. Lilitolewa pendekezo chama kiitwe kwa jina la Martin Chapender, kijana hodari wa jukwaani aliyekuwa amefariki muda si mrefu akiwa na miaka 25. Jina halikupita, lakini herufi zake zilipita: M na C, The Magic Circle. Rais wa kwanza akawa David Devant, aliyekuwa katika safu ya mbele kabisa ya wafanya mazingaombwe wa Uingereza, na baada yake akaja Nevil Maskelyne. Mikutano ilianzia kwenye baa ya Green Man huko Soho, kisha ikahamia chumba kimoja ndani ya St George's Hall, ukumbi ambao Devant na akina Maskelyne walikuwa wakifanyia maonyesho yao. Mwaka 1906 likaanza jarida la wanachama, The Magic Circular.

Kaulimbiu yao ni ya Kilatini, *Indocilis privata loqui*. Kwa maneno yetu: asiyefundishika kutoa ya faraghani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kanuni inasema usimwambie mtu, basi. Ingekuwa hivyo sanaa ingezikwa pamoja na walioianzisha. Wanachama wamekuwa wakiandika vitabu vya mbinu tangu mwanzo, na Devant na Maskelyne waliandika kimoja kwa pamoja. Mwenye kiu ya kujifunza atakitafuta kitabu, atakinunua, atakesha nacho. Kosa ni kuimwaga siri mbele ya mtu ambaye hakuuliza, kwa mfano msomaji wa gazeti anayesubiri treni. Mpaka huo ni mwembamba, na aliyenaswa nao ni Devant mwenyewe. Mwaka 1936 alitoa kitabu kuhusu siri zake, na sehemu zake zikachapishwa katika Windsor Magazine, jarida la watu wote. Chama kikamfukuza rais wake wa kwanza. Kwa maoni yangu adhabu ilikuwa kali mno: mzee alikuwa ameacha jukwaa tangu 1920 kwa ugonjwa, na mbinu alizoeleza zilikuwa zake. Lakini kanuni haikuuliza mbinu ni ya nani. Iliuliza nani anaambiwa.

Siri moja kubwa, hata hivyo, haikutobolewa na mwandishi. Ilitoka kwenye uchunguzi wa kifo. Chung Ling Soo, mfanya mazingaombwe, alitangazwa kuwa Mchina; kumbe ni Mmarekani, William Robinson, na jukwaani kwa kawaida hakusema Kiingereza. Mchezo wake mkubwa ulikuwa kudaka risasi kwa sahani. Tuutazame kwa karibu, kwa kuwa siri yake ilikwishaanikwa zamani.

Alitumia magobore. Gobore hujazwa kwa mdomoni: baruti, kitambaa cha kuzibia, risasi, kisha unashindilia kwa ufito. Chini ya mtutu kuna bomba ambalo ufito huo huchomekwa. Bunduki za Soo zilikuwa zimechezewa. Njia ya moto kutoka kwenye fataki haikwenda tena kwenye mtutu, ilielekezwa kwenye bomba la chini, ambamo mlikuwa na baruti tupu. Watazamaji waliona risasi ikishindiliwa, wakasikia mlio, wakaona moshi. Risasi iliyoingia mtutuni ilibaki humo humo. Zile zilizotiwa alama na watazamaji zilikuwa zimebadilishwa mapema na kumfikia Soo, naye alizidondosha sahanini, zikalia kling'.

Hatari ilikuwa baada ya onyesho. Risasi hutolewa kwenye gobore kwa kuifyatua au kuivuta kwa skrubu kupitia mdomoni. Soo alikuwa akifungua kitako cha mtutu kwa nyuma na kutoa risasi na baruti. Kila ukifungua na kufunga, nyuzi za skrubu zinalika. Nafasi ikapatikana, vumbi laini la baruti likajaa humo, na usiku wa Machi 23, 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, cheche ikapita ilipokuwa haipaswi kupita. Mtutu halisi ukafyatuka na risasi ikampiga kifuani. Akasema kwa Kiingereza kwamba kuna jambo limetokea na pazia lishushwe. Alifariki siku iliyofuata. Ili ijulikane kama ni ajali au mauaji, ilibidi bunduki ifunguliwe na kuelezwa mbele ya watu. Ikaamuliwa kuwa ni ajali. Mnaofanya michezo ya vifaa, hapo pana somo la fundi: mtego unaofanya kazi mara mia umeshalika mara mia.

Kuingia chama hiki si kulipa ada tu. Unahojiwa, kisha unatahiniwa, kwa kawaida kwa kufanya onyesho mbele ya waamuzi. Juu kabisa kuna daraja la Inner Magic Circle lenye nyota ya dhahabu, ambalo halizidi watu 300. Mwaka 1975 Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, wakati huo akiwa mwana wa malkia, alipita kwa mchezo wa vikombe na mipira. Mwanamke, mpaka 1991, hakuweza kupita kwa mchezo wowote. Hoja iliyotumika ni kwamba wanawake hawatunzi siri, hoja ambayo mwanamke mmoja aliijibu vizuri kuliko mjadala wowote.

Jenny Winstanley, mfanya mazingaombwe mzoefu, alimwandaa mwigizaji Sophie Lloyd awe kijana aitwaye Raymond: wigi, nguo za kuunenepesha mwili, vitu vya kuvimbisha mashavu mdomoni, na glavu kuficha mikono. Hizo glavu ndizo zinazonistaajabisha. Kuficha mpira kiganjani hutegemea ngozi: unaubana kati ya shina la kidole gumba na nyama ya upande wa pili, na unyevunyevu wa kiganja husaidia kuushika. Kitambaa huteleza, na vidole havihisi ukingo wa karata. Raymond alifaulu hivyo hivyo, Machi 1991. Oktoba, chama kilipofungua mlango kwa wanawake, Lloyd alijitambulisha. Akafukuzwa kwa udanganyifu, na watu ambao kazi yao ni udanganyifu.

Tangu 1998 makao yao yako Stephenson Way, karibu na kituo cha Euston, yakiwa na ukumbi wao wenyewe na makumbusho. Mwaka 2021 Megan Swann akawa rais wa kwanza mwanamke. Aprili 2025 Sophie Lloyd alirudishiwa uanachama na kukabidhiwa cheti, safari hii kwa jina lake. Jenny Winstanley, aliyeupanga mchezo wote, alikuwa ameshafariki mwaka 2004.