Mche wa Stroberi: Pima Shina, Usipime Majani

REHEMA: Mteja anafika kitaluni, anachambua, anaondoka na miche yenye majani marefu kuliko yote. Kakosea wapi?

JUMA: Kaangalia majani. Majani marefu huenda yametokana na kivuli tu, au na naitrojeni iliyozidi. Chambua pale majani yanapokutana na mizizi, utakuta kishina kifupi. Hicho ndicho ghala la chakula cha mche, na maua huanzia humo.

REHEMA: Kiwe na unene gani?

JUMA: Chini ya milimita 8, usipeleke kwenye tuta la biashara. Kuanzia 10, chukua. Huna kalipa, kile kifaa cha kupima unene? Chukua kibao, toboa kwa keekee tundu la milimita 8 na lingine la 10. Shina linalopenya lile dogo, mche urudi kitaluni ukanenepe.

REHEMA: Tofauti inaonekana lini?

JUMA: Kwenye michumo ya mwanzo. Mche mnene huchanua mapema, tena kwa vikonyo vingi, yaani vijiti vinavyobeba maua. Mwembamba bado unajenga mizizi. Baadaye pengo hupungua, lakini bei ya mwanzo wa msimu imeshakupita, dada.

REHEMA: Basi mche mnene, tunda kubwa.

JUMA: Aa, hapo wengi huteleza! Kinachoongezeka ni idadi. Kwenye kila kikonyo tunda la kwanza ndilo kubwa, yanayofuata hupungua. Kwa hiyo mche wenye vikonyo vingi unaweza kukupa kilo nyingi za matunda ya wastani. Shina likigawanyika vichwa vinne au vitano ni balaa zaidi: majani yanasongamana, hewa haipiti, ukungu wa kijivu unakula matunda. Bakiza vichwa viwili au vitatu.

REHEMA: Na utamu?

JUMA: Huo uko kwenye aina ya mbegu, jua, na majani ya kutosha kulisha matunda yaliyopo. Unene wa mche hauleti sukari.

REHEMA: Wapo wanaopasua mashina ya zamani na kuyauza. Yale ni manene kweli.

JUMA: Unene wa uzee huo. Pasua moja kwa kisu: ndani pawe peupe. Ukiona rangi ya kahawia au wekundu kama kutu, ugonjwa umeingia, usinunue. Bora miche michanga ya vile vikamba vinavyotambaa, hasa wa kwanza na wa pili kutoka kwa mama. Na huyo mama ang'olewe maua, asizae huku ananyonyesha.

REHEMA: Ukibaki na mchanganyiko?

JUMA: Kila ukubwa na tuta lake, la sivyo minene itaifunika midogo. Midogo iondolee maua na vikamba kwa wiki 4 hadi 6. Yote, mikubwa kwa midogo, kitovu, pale majani machanga yanapochipukia, kilingane na udongo. Ukikifukia kinaoza, ukiinua sana mizizi inakauka.