Gari la Hentsch

Schlieffen, jenerali wa Ujerumani aliyebuni mpango wa kuivamia Ufaransa, namruka leo. Mpango wake mnaujua, na anayetaka kubishana juu ya bawa la kulia la majeshi yake tukutane kwenye chai. Narudi palepale mnaponizoea: kwenye gari la Luteni Kanali Richard Hentsch.

Tarehe 8 Septemba 1914, mapigano ya Marne yakiendelea Ufaransa, Kamandi Kuu ya Ujerumani imekaa Luxembourg, ndani ya shule ya wasichana, na mkuu wake, Moltke Mdogo, hajui majeshi yake mawili ya kulia yanafanya nini. Ujumbe wa redio unachukua saa nyingi, ukifika, umeshapitwa. Basi anamtuma Hentsch, mkuu wa habari za kijasusi, bila karatasi. Bila karatasi, jamani! Mamlaka yote ni ya mdomo, na baadaye kila aliyekuwepo akayakumbuka kivyake.

Anapita Jeshi la Tano, la Nne, la Tatu: salama. Jioni yuko Montmort kwa Bülow, Jeshi la Pili. Kati ya Bülow na Kluck, kamanda wa Jeshi la Kwanza, kuna pengo la kilomita 40 hivi, na Waingereza wanaingia humo. Asubuhi anaondoka kwenda kwa Kluck. Barabara zimejaa mikokoteni na majeruhi. Safari isiyofika kilomita 100 inamla karibu saa tano. Mchana yuko Mareuil, na Kluck mwenyewe hamwoni. Anaongea na mnadhimu wake, Kuhl. Kuhl anasema huku tunashinda. Hentsch anamwambia kwamba Bülow anarudi nyuma, nanyi rudini. Ndivyo luteni kanali alivyoyageuza mapigano ya Marne.

Mtasema Moltke alikuwa mgonjwa. Alikuwa, ndiyo. Lakini Joffre, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, alikuwa na dereva, na hakuchoka kuwafuata makamanda wake. Ami yake Moltke, yule Mkubwa, alikuwepo mwenyewe kwenye mapigano ya Königgrätz na Sedan. Kuwaachia makamanda uhuru kunafaa mkuu akiwa karibu. Akiwa mbali, kila jeshi linapigana vita vyake.

Naona saa inanitazama. Ludendorff, jenerali wa miaka ya mwisho ya vita hivyo, tumwache; turukie Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1938 Hitler aliunda OKW, kamandi kuu ya majeshi yote. Tarehe 19 Desemba 1941 akajitwalia na jeshi la nchi kavu. Baadaye OKH, kamandi kuu ya jeshi hilo la nchi kavu, ikabakiwa na mashariki, OKW ikashika Norway, Ufaransa, Italia. Ofisi mbili zikigombania divisheni zilezile, na mwamuzi mmoja tu. Alfajiri ya tarehe 6 Juni 1944, Washirika wakitua Normandy, Rundstedt, kamanda wa Wajerumani upande wa magharibi, aliomba divisheni mbili za vifaru vya akiba, ya 12 ya SS na Panzer Lehr. Ruhusa ilitoka alasiri.